Anayeogopa ndege aelezwe, asichekwe

Mhariri,

Desemba inapokaribia, kurasa za magazeti hujaa matangazo ya likizo: Diani, Watamu, Lamu, Zanzibar, nauli ya ndege ikiwa ndani ya bei. Sijaona hata tangazo moja linalomkumbuka mtu ambaye nauli anayo, ruhusa kazini amepewa, mke na watoto wameshafungasha, lakini akiwaza tu mlango wa ndege ukifungwa anatokwa na jasho viganjani. Watu wa aina hiyo tumejaa Nairobi. Nasema tumejaa kwa sababu tangu nianze kulizungumza jambo hili waziwazi, wenzangu hunivuta kando baada ya ibada, au kule stejini, na kuniambia kwa sauti ya chini, "Hata mimi." Mmoja wao ni mwalimu mkuu. Mwingine ni polisi aliyefanya kazi Mandera na hakuwahi kuomba uhamisho.

Naandika kwa niaba yao. Naomba watu wa ndege watusikie, na naomba gazeti lako lisaidie.

Mimi ni dereva mstaafu. Maisha yangu ya kazi yaliishia kwenye barabara ya Mombasa, kwanza kwa malori, kisha kwa mabasi ya usiku. Naijua kona ya Salama. Najua joto la Taru linavyoumiza tairi. Namjua dereva wa lori anayekuja mbele yako amelala huku macho yake yamefunguka, maana taa zake hazipunguzi, na gari lake linausogelea mstari wa katikati kidogo kidogo. Mambo hayo niliyaheshimu, sikuyaogopa, kwa kuwa usukani ulikuwa mkononi mwangu. Niliyoiogopa ni ndege. Kufungwa mkanda kitini, injini zinalia nami sijui zinalia nini, na anayeendesha yuko nyuma ya mlango ambao siruhusiwi kuufungua: hilo lilinishinda kabisa.

Woga ulikuwepo tangu ujana, lakini ulikomaa siku ninayoikumbuka vizuri. Jumapili ya tarehe 10 Machi 2019 nilikuwa Mtito Andei, abiria wakipata chakula, runinga ya mkahawa ilipotangaza kwamba ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kuja kwetu Nairobi ilikuwa imeanguka karibu na mji wa Bishoftu, dakika sita tu baada ya kuruka. Watu 157 walikufa, 32 kati yao Wakenya. Mkahawa mzima ulinyamaza, hata wapishi walitoka jikoni wakasimama. Ilikuwa ndege inayokuja kwetu, yenye watu waliokuwa wakingojewa Embakasi. Baada ya siku hiyo, kila aliyenitajia ndege nilimjibu kwa tarehe hiyo, na hakuna aliyekuwa na la kuniambia.

Mke wangu alikuwa muuguzi. Alipostaafu, watoto walichanga fedha na kumwambia achague mahali. Akachagua Lamu, ambako hakuwahi kufika na alikuwa akipasikia kwa wagonjwa wake tangu akiwa mwanafunzi. Mimi nikapendekeza tuende kwa barabara. Nilikuwa na njia yote kichwani: Mombasa, Malindi, Garsen, Witu, hadi Mokowe, kisha boti. Binti yetu akanijibu kwa upole, "Baba, likizo ni ya siku chache. Tuzimalize ndani ya basi?" Na sote tulijua kwamba kipande cha Garsen hadi Lamu ni kile ambacho mabasi yamekuwa yakisindikizwa na polisi. Mke wangu hakubishana nami. Alisema tu, "Miaka yote nimelala nusu usingizi nikikungoja urudi kutoka Mombasa. Safari hii nataka ukae kando yangu."

Neno hilo sikuwa na jibu lake.

Sasa nieleze ni nini kilichonisaidia, maana ndiyo sababu ya barua hii. Kilichonisaidia si kutiwa moyo. Kutiwa moyo nilipata kwingi: "jikaze," "mwanamume mzima wewe," "omba Mungu tu." Maombi niliomba na ninaendelea kuomba. Lakini jikaze haimfundishi mtu chochote. Wapo pia walionipa faraja ya upande wa pili, wakaniambia kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, kwa hiyo nibaki nyumbani na nisiumize kichwa. Methali hiyo naipenda, na barabarani imeniokoa zaidi ya mara moja. Lakini hapa ilitumiwa vibaya, kwa sababu wanaotaja kilio cha ndege hawakuwahi kunitajia hesabu ya barabara. Katika miaka ya karibuni barabara zetu Kenya zimekuwa zikiua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka. Hicho ndicho kilio, na mimi nimeishi ndani yake nikakiita kazi.

Aliyenisaidia kwanza ni kijana wa jirani yetu hapa Umoja, aliyesomea ufundi wa ndege na sasa yuko katika karakana moja pale Uwanja wa Wilson. Alikuja nyumbani jioni moja, akakaa, akasema, "Mzee, niulize lolote, hata lile unaloliona la aibu." Nikamuuliza maswali ya dereva.

Nikamuuliza injini ikizima inakuwaje. Akaniambia kwamba ndege ya abiria yenye injini mbili hairuhusiwi kubeba watu mpaka ithibitishwe kwamba injini moja ikifa hata wakati wa kuruka, ile nyingine inatosha kuipandisha na kuirudisha chini salama. Marubani hulifanyia mazoezi jambo hilo hilo mara kwa mara, katika chumba cha mashine inayoiga ndege, wanazimiwa injini makusudi na mwalimu amekaa nyuma yao. Nikamuuliza, na zikizima zote mbili? Akasema ndege haidondoki kama jiwe, kwa sababu kinachoibeba ni hewa inayopita kwenye mabawa, na injini kazi yake ni kuisukuma mbele. Ndege kubwa ikiwa kimo cha mita 10,000 inaweza kuteleza hewani zaidi ya kilomita 100 bila injini. Akanipa mfano wa mwaka 2001, ndege iliyokuwa ikivuka Atlantiki ikaishiwa mafuta usiku, ikateleza karibu dakika ishirini hadi visiwa vya Azores, na watu wote 306 wakatoka hai. Ule wa New York wa Januari 2009 niliukumbuka mwenyewe: bata bukini wa porini waliingia katika injini zote mbili, rubani akatua juu ya mto Hudson, na wote 155 wakaokoka.

Nikamuuliza kuhusu mashimo ya hewa, maana kila aliyepanda ndege amenisimulia jinsi "ilivyoingia kwenye shimo." Akasema angani hakuna shimo. Hewa inasogea, inapanda pale ardhi ilipo na joto na inashuka pengine, na ndege inapopita katikati yake inatikisika. Mtu aliyeketi ndani anahisi ameshuka mita mia, kumbe mara nyingi ni mita chache tu. Bawa linaonekana likipinda kwa sababu limetengenezwa lipinde, na kabla ya aina mpya ya ndege kupewa kibali, bawa lake hupimwa kwa mzigo unaozidi kwa nusu ule mkubwa kabisa unaotarajiwa maishani mwake. Wanaoumia katika mtikisiko ni wale ambao hawajafunga mkanda, na wahudumu waliosimama. Hilo lilinigusa, kwa sababu nilikuwa barabarani Februari 2004 sheria za waziri Michuki za kufunga mikanda zilipoanza kutekelezwa, na nilisikia abiria wakilalamika mpaka Mariakani kwamba mkanda unawabana.

Nikamuuliza kuhusu kukosa hewa kule juu. Akacheka kidogo, akaniuliza nilizaliwa wapi. Nikamwambia Nyahururu. Akasema hewa ndani ya ndege kubwa huwekwa isizidi wepesi wa ile ya mahali penye kimo cha mita 2,400 hivi, na Nyahururu iko kwenye mita 2,300. Kwa hiyo nimekua katika hewa hiyo, nikakimbia nayo nikienda shule.

Lakini jibu lililonibadilisha ni la swali dogo. Nilimuuliza, "Nani anaamua kwamba ndege leo haiendi?" Akasema rubani akiona kasoro anaiandika katika daftari la ndege, na kasoro ikishaandikwa ndege haiondoki mpaka fundi mwenye leseni aishughulikie na kutia sahihi yake, au kitabu cha sheria kiseme wazi kwamba kasoro hiyo si ya kuizuia. Vipuri vingine vina saa zao, zikifika vinatolewa hata kama bado vinaonekana vizima. Mhariri, nilinyamaza muda mrefu. Mimi niliwahi kumwambia mwenye basi kwamba breki zimelegea, akaniambia nimalizie safari ile kwanza, gari lina abiria tayari. Nikaenda. Dereva yeyote wa rika langu ana kisa kama hicho. Niliposikia kwamba kuna mahali ambapo neno la dereva linaandikwa na halifutwi na mwenye gari, kitu kilichokuwa kimenikaza kifuani kilianza kulegea.

Nikamwuliza na ile ya 2019, kwa sababu sikutaka kuikwepa. Hakuikwepa yeye pia. Ndege ile ilikuwa Boeing 737 MAX. Kulikuwa na programu ndani yake iliyosukuma pua ya ndege chini kwa kuamini kipimo kimoja kilichotoa habari ya uongo, na marubani walipambana nayo hadi mwisho. Miezi michache kabla, mnamo Oktoba 2018, nyingine ya aina hiyo hiyo ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189. Kwa maoni yangu dunia ilipaswa kuzisimamisha baada ya ile ya kwanza, na familia za Wakenya wale 32 wana haki ya kulisema hilo mpaka siku yao ya mwisho. Lakini baada ya ile ya pili zilisimamishwa kote ulimwenguni, na Marekani haikuziruhusu tena hadi Novemba 2020, programu iliporekebishwa. Sababu ilitafutwa ikapatikana, na kila rubani anayeendesha aina hiyo leo anaijua. Basi likiua watu kwetu, lori la breakdown linalivuta kando, kioo kinafagiliwa, na jioni tunapita palepale. Nimepita. Sababu hatuambiwi, na mwenzangu anayekuja nyuma hajifunzi kitu.

Kisha kijana akachukua karatasi akaniandikia sauti zote nitakazozisikia, kwa mpangilio wake, tangu kabla ya injini kuwaka hadi ndege inaposimama. Mlio mwembamba kabla ya injini kuwaka. Mngurumo mkubwa wa kuruka. Kishindo chini ya miguu, ambacho ni magurudumu yakikunjwa. Halafu ile ambayo alinipigia mstari chini yake mara mbili: muda mfupi baada ya kuruka, sauti ya injini inashuka na mwili unahisi kama unaanguka. Hauanguki. Rubani amepunguza nguvu kwa sababu ile ya kuruka haihitajiki tena, ndege bado inapanda, ila sikio la ndani, lile linalotupa mizani, limezoea kasi ya kwanza na linadanganyika. Kabla ya kutua, kishindo tena na upepo mkali: magurudumu yanatolewa. Baada ya kugusa ardhi, mngurumo wa ghafla: propela zinageuza msukumo ili zisaidie breki.

Tulikwenda pamoja mchana mmoja kando ya Barabara ya Lang'ata, mahali ambapo ndege za Wilson zinasikika vizuri. Tukasimama na karatasi. Ndege ikiondoka, ananiambia, "Sasa sikiliza, itashuka." Na sauti inashuka, na ndege mbele ya macho yangu inaendelea kupanda. Baada ya muda nilianza kuisikia kabla hajaniambia. Dereva anaijua gari kwa sikio. Mtu akikuendeshea gari usilolijua unasumbuka, hata kama anaendesha vizuri, mpaka umeijua gia yake. Sikuwa naogopa kifo peke yake, nilikuwa naogopa mashine isiyozungumza nami.

Mtu wa pili aliyenisaidia ni mshauri nasaha aliyewahi kufanya kazi na mke wangu. Yeye hakuzungumza habari za ndege kabisa. Alizungumza habari za mwili. Kwamba moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kifua kubana, hayo ni mwili ukijitayarisha kukimbia, na hayaui. Kwamba woga hupanda, hufika kileleni, halafu hushuka wenyewe ukiuacha, na kila mara unapoukimbia kabla haujashuka, ubongo unaandika kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Ndiyo maana kila safari niliyoiahirisha iliuongeza. Akanifundisha kupumua nikitoa pumzi polepole kuliko ninavyoivuta, na nikafanya hivyo nyumbani, kitandani, sokoni, mpaka ikawa kazi ya kawaida. Akanikataza pombe, ambayo marafiki wengi waliniagizia kwa nia njema. Na vidonge vya usingizi alinieleza hivi: ukilala safari nzima ubongo haujifunzi chochote, safari inayofuata unaanza palepale ulipokuwa. Kama una ugonjwa au dawa unazotumia, bila shaka muulize daktari wako. Mimi nasema yaliyonifaa.

Asubuhi ya safari woga ulikuja. Nawaambia hivyo wenzangu wasije wakadhani kwamba mtu akishaelewa haogopi tena. Tulichagua ndege ya asubuhi, kabla jua halijaipasha ardhi joto, na tukaomba viti karibu na bawa, ambapo mtikisiko huwa mdogo. Hapo ngazini nilimwambia mhudumu, bila kuzunguka, "Binti, mimi naogopa." Hakucheka. Alinishika mkono wa shati, akanikalisha, akaenda mbele. Muda kidogo kapteni mwenyewe akatoka. Mwanamke mdogo, umri wa kitindamimba wetu. Akaniinamia akasema kwa Kiswahili safi, "Habari ya asubuhi, mzee. Tukipita mawingu ya juu ya Ukambani tutatikisika kidogo, kama dakika kumi. Halafu tutatulia. Kitu kikibadilika nitawaambia." Akarudi mbele, na kabla ya kuondoka akawatangazia abiria wote maneno hayo hayo, kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza. Nikaona mabega ya mtu wa mbele yangu, mtu mnene wa suti, yakishuka.

Sauti ya injini ilipopungua tumbo langu lilishuka nayo. Mkono ulikuwa mfukoni, juu ya karatasi. Nikatoa pumzi polepole. Mke wangu alikuwa amenishika mkono mwingine na hakusema neno. Mtikisiko ukaja pale tulipoambiwa utakuja, ukakaa muda tulioambiwa utakaa. Baadaye nikaweza kuinama dirishani, nikauona mto Tana ukijipinda katikati ya nchi kavu, maji ya kahawia, kijani pembeni. Daraja za mto huo nimeziona kutoka chini na sikuwahi kujua umbo lake. Tukatua Manda, tukavuka kwa boti hadi mjini. Kuhusu Lamu sina haja ya kuandika mengi, wengine wameiandika vizuri kuliko mimi. Mke wangu alitembea katika vichochoro vile mpaka jioni, akasalimia kila bibi aliyeketi barazani.

Ninachotaka mhariri ukisome vizuri ni safari ya kurudi.

Tulirudi alasiri, na kampuni nyingine ambayo sitaitaja. Joto lilikuwa limepanda, na ndege ilitikisika kuanzia tulipoiacha Pwani. Hakuna aliyesema kitu. Taa ya mkanda iliwaka, mhudumu akapita akiangalia mapajani, basi. Tangazo moja lilikuja, la Kiingereza, la haraka, spika ikikwaruza, na sikulielewa, wala aliyekaa mbele yangu hakulielewa maana aligeuka kuniuliza. Ng'ambo ya njia alikaa msichana, labda wa miaka ishirini na tano, ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili na machozi yanamtoka kimya kimya. Alikuwa peke yake. Kwa muda mrefu hakuna aliyemwona.

Nikamwambia, "Mwanangu, ni mara yako ya kwanza?" Akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nikaitoa karatasi yangu, nikamsomea. Nikamwambia hiki unachokihisi ni hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini, bawa lile limetengenezwa lipinde, angalia linavyorudi. Nikamwambia toa pumzi polepole. Nikamwambia tukikaribia Nairobi utasikia kishindo chini ya miguu na upepo, ni magurudumu, usishtuke. Kishindo kilipokuja alinitazama, akatikisa kichwa, akaachia kiti kwa mkono mmoja. Tulipotua na propela zikanguruma alisema mwenyewe, "Hiyo ni breki." Mimi si rubani, si fundi, si mshauri nasaha. Nilikuwa na karatasi moja tu iliyoandikwa kwa lugha tunayoielewa sote wawili. Kwa nini karatasi kama hiyo haikuwa katika mfuko wa kiti chake?

Ndege mbili, anga moja, watu walewale. Katika ile ya kwanza mtikisiko ulikuwa habari tuliyopewa. Katika ya pili ulikuwa siri. Sidhani kwamba rubani wa pili ni mbaya wa kazi, alitufikisha salama na namshukuru. Lakini abiria anayenyamaziwa anajazia mwenyewe, na anachojazia ni kile alichokiona katika runinga.

Kwa hiyo nina maombi, na nayaelekeza kwa makampuni ya ndege ya hapa nyumbani, kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege na kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Marubani wawaeleze abiria kwa Kiswahili cha kawaida mtikisiko unapotarajiwa, muda wake na sababu yake. Sentensi mbili zinatosha. Mfukoni mwa kila kiti, kando ya ile kadi ya njia za dharura, kuwe na ukurasa mmoja wa sauti za ndege. Na wahudumu wafundishwe kumtuliza mtu anayepanda ngazi akitetemeka, kama yule binti alivyonifanyia.

Ombi kubwa zaidi ni la mafunzo. Uingereza, British Airways imekuwa kwa miaka mingi na darasa la siku moja kwa watu wanaoogopa: rubani anaeleza ndege inavyofanya kazi, mwanasaikolojia anaeleza woga unavyofanya kazi, kisha wanafunzi wote wanapanda ndege pamoja, wanaruka, wanarudi. Sisi tunakosa nini? Chuo cha usafiri wa anga kiko Embakasi. Wilson imejaa shule za urubani. Hii ni nchi ya Kapteni Irene Koki Mutungi, ambaye mwaka 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Washauri nasaha wapo katika kila hospitali kubwa mjini. Jumamosi moja kwa mwezi, ukumbi mmoja, ada ambayo mtu wa Umoja au Kayole anaweza kulipa. Nina hakika utajaa, na wengi watakaokuja ni wanaume ambao wake zao hawajui kwa nini kila mwaka likizo inaishia Naivasha.

Na gazeti lako lianze kabla yao wote. Mtafuteni rubani mmoja na fundi mmoja, wapeni nusu ukurasa kila wiki kuanzia sasa hadi shule zifungwe, wajibu maswali ya wasomaji. Mimi ninayo ya kuanzia, na wale wa stejini wamenipa yao. Nimeyaandika yote, na mkikubali nitayaleta mwenyewe ofisini kwenu.

Dereva mstaafu,
Umoja, Nairobi